Vijiti Visivyo na Ukoo

Watu wa Carlbury wakikwambia kwamba Lemuel Inskip alikuwa na kichaa cha vijiti, unywe chai yao, kisha uwakatalie. Mimi nimekaa nyumba ya tatu kutoka geti lake la reli tangu nizaliwe, na nasema hakuwa na kichaa hata kidogo. Alikuwa na swali. Mwenye kichaa hakusikilizi unapomjibu, lakini Lemuel alikuwa akisikiliza mpaka unaona haya kwa kuwa huna la maana la kumwambia.

Kazi yake ilikuwa kufunga na kufungua geti la reli. Treni zetu si nyingi, na kati ya moja na nyingine alikuwa na muda wa kutosha kuoa, kulea na kufilisika. Muda huo wote aliupeleka kwenye vijiti vya lesi. Nasema vile vijiti vyembamba, virefu kama kalamu, ambavyo bibi zetu walivizungushia uzi na kuvipishanisha juu ya mto wa kazi, pini huku na pini kule, mpaka lesi ikatoka. Mto mmoja ulikula vijiti vingi, na mwanamke aliyevikodolea macho kutwa hakutaka vifanane kama mbaazi. Basi wakereza, mafundi waliovichonga, walivitia nakshi, na wanawake wakazipa nakshi majina.

Majina hayo Lemuel aliyajua yote. Kijiti chenye madoa ya bati kilikuwa Chui. Chenye mikanda ya bati kilikuwa Chui Milia, na huku kwetu hakuna aliyewahi kuwaona wanyama hao ila kwenye bango la sarakasi. Kulikuwa na Kipepeo, na kulikuwa na Dirisha la Kanisa, lililotobolewa kiunoni ukaona upande wa pili. Kulikuwa na Mama na Mtoto, ambaye tumboni mwake mna kijiti kidogo sana kinachocheza ukimtikisa. Chembamba kisicho na urembo wowote kiliitwa Mwali Mzee, na shangazi zangu wasioolewa walikuwa hawapendi kabisa kikitajwa mezani.

Lemuel aliviweka vijiti vyake katika masanduku ya sigara, kila sanduku na ukoo wake. Ndivyo alivyosema, ukoo. Alikuwa akikishika kijiti dirishani, akakigeuza polepole, halafu akasema, "Kichwa hiki ni cha mkereza wa kule Kijito. Shingo yake haina haraka. Yule wa Mtaa wa Juu alikuwa akikata shingo kama anayekimbia mvua." Ukitaka kugusa, ulinawa kwanza. Hata kasisi alinawa.

Sasa swali lenyewe. Mama yake, Selina, alikuwa mfuma lesi. Baba alikufa machimboni kabla mtoto hajazaliwa, na Selina naye akachukuliwa na homa Lemuel akiwa bado anatambaa. Akalelewa na shangazi, mwanamke mwenye mkono safi na moyo mkavu, aliyeuza mto wa marehemu na vijiti vyake mlangoni, konzi kwa konzi, ili apate gharama za maziko. Picha haikuwepo. Nguo zilichomwa kwa sababu ya homa. Shangazi alipokuwa anakata roho, ndipo alipomwambia: vijiti vya mama yako havijaenda mbali, vimo humu humu kijijini, kwenye droo za watu.

Lemuel alikuwa kijana wakati huo. Akaanza kubisha milango. Aliwaza hivi, na mimi sioni kosa: kila mwanamke alinunua kwa mkereza ampendaye, na kila mwanamke alikuwa na nakshi zake azipendazo. Akivipanga vijiti vyote vya Carlbury kwa nakshi na kwa mkono wa mkereza, siku moja litajitokeza kundi lisilo na mwenyewe, na kundi hilo litakuwa la Selina. Alitaka kushika kitu kimoja tu ambacho mama yake alikishika. Ni hilo tu, na kwa hilo watu walimwita kichaa.

Alimuuliza kila mzee, na bibi yangu Dorcas ndiye aliyeulizwa kabla ya wote, kwa kuwa bibi alikuwa jirani wa Selina. Siku za Selina, bibi alikuwa msichana wa miaka tisa hivi, aliyekuwa akipelekwa kukaa kibarazani kwa Selina ili ajifunze kupiga pini.

"Mama yangu alipenda nakshi gani, Bi Dorcas?"

"Nitajuaje? Vijiti ni vijiti. Alikuwa navyo vya mfupa na vya mti, kama sisi wote."

"Chui alikuwepo?"

"Chui, mbuzi, nitakumbuka nini? Nakumbuka fimbo tu nilipokosea."

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Halafu yakaharibika zaidi, maana wale wawili waligombana. Ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Katerina, ambayo wafuma lesi huisherehekea kwa keki za mbegu za kisibiti na kuruka kinara cha mshumaa. Lemuel aliombwa apange vijiti vyake vyenye majina kwenye ukumbi wa kanisa, watu waone. Kimoja kilikuwa cha mfupa, na mstari mwekundu ukikizunguka toka kichwani hadi mkiani. Lemuel alikiandikia karatasi: Nyoka. Bibi yangu akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Nyoka nani? Huyu anaitwa Mlevi Arudi Nyumbani."

"Labda upande wenu wa kijiji, Bi Dorcas. Jina linalotumika zaidi ni Nyoka."

"Linalotumika na nani? Na wewe na treni zako? Mimi nimemzungushia uzi huyu mlevi tangu hujaacha kunyonya. Tazama anavyoyumba! Nyoka gani anayumba hivyo?"

Kasisi akacheka, ukumbi mzima ukacheka, na Lemuel, ambaye hakuwa na kitu kingine duniani ila majina hayo, akakusanya vijiti vyake akaondoka bila keki. Tangu siku hiyo wakawa paka na panya. Bibi akipita getini anatazama mawinguni. Lemuel akimwona anageuka kupangusa taa iliyokwisha kung'aa. Mimi nilikuwa mjumbe wao kwa miaka, na nawaambia kweli, nilichoka nao wote wawili.

Kulikuwa na sanduku moja ambalo halikumpa Lemuel usingizi. Vijiti vyake vilikuwa vya mti, vyeusi kwa uzee, wala havikuwa na shanga. Kijiti chetu huvishwa pete ya shanga mkiani ili kisibiringike juu ya mto, lakini hivi vilikuwa na tundu la waya tupu. Karibu na mkia kila kimoja kilikuwa na vishimo vidogo, viwili viwili, vimetawanyika bila mpango. Nakshi hiyo Lemuel aliipa jina Rasharasha, kama mvua ndogo inapoanza kwenye vumbi. Alivipata droo moja moja, nyumba hii na ile, na kila aliyempa alikuwa akisema havijawahi kutumika kwao.

Kilichomtesa ni kwamba nakshi ilikuwa moja, na wakereza walikuwa mbalimbali. "Tazama, binti," alikuwa akiniambia. "Shingo hii ni ya Kijito. Hii ni ya Mtaa wa Juu. Hii simjui. Itakuwaje watu watatu wasiosalimiana wachore mvua moja? Na chombo gani kina ncha mbili pana hivi?" Alijaribu patasi. Alijaribu uma wa mezani aliousaga ncha. Hakuna kilichofanana. Mwishowe aliandika juu ya sanduku: Visivyo na Ukoo.

Mwaka ninaousimulia, shirika la reli lilimstaafisha, na nyumba ya geti ilikuwa yake kazi ilipokuwa yake. Alipewa chumba kimoja katika nyumba za wazee wa parokia, chumba ambacho ukinyoosha mikono unagusa pande zote. Makumbusho ya mjini yakakubali kuchukua vijiti vyake, ila kwa sharti: vile vinavyojulikana tu. Visivyo na ukoo hawakuwa na nafasi navyo. Siku moja kabla ya Mtakatifu Katerina nilimkuta bado hajahama nyumba ya geti, kakaa katikati ya masanduku, kofia ya reli kichwani.

"Chukua hili, Beryl," akasema, akinisukumia lile sanduku. "Mkaliuze kwenye mnada wa kanisa kesho. Kuna watu wanavitumia kushikia nyanya bustanini."

"Na mama yako, mzee?"

Alivua kofia akaitazama ndani. "Nimevipanga vyote. Kundi halikujitokeza. Labda shangazi alinidanganya ili nisikae bure." Akatabasamu, na lile tabasamu liliniuma kuliko kama angelia. Nilitaka kumkumbatia, lakini si mtu wa kukumbatiwa, ningekuwa nimemtia aibu. Nikabeba sanduku nikaenda zangu.

Nyumbani kulikuwa na vita. Mwanangu Janet alikuwa anaota meno. Alikuwa ameshang'ata kitasa cha kabati, sikio la mbwa na kidole cha baba yake kabla hajaenda kiwanda cha matofali, na sasa alikuwa amekaa sakafuni akilia kwa hasira, mate yakimtiririka kifuani. Bibi Dorcas alikuwa mezani akikanda keki za kisibiti. Nikaweka sanduku juu ya kiti, nikageuka kuitoa birika jikoni. Kilio kikakatika ghafla. Kila mzazi anajua kwamba kimya cha mtoto ndicho cha kuogopa.

Janet alikuwa amesimama, ameshikilia kiti, na kijiti kimoja cha Lemuel kikiwa mdomoni mwake kwa mkingamo, kama mbwa na mfupa. Alikuwa akikitafuna kwa raha isiyo kifani.

"Mtoe!" bibi alipiga kelele. "Mtoe kijiti mdomoni, we Beryl, unatazama nini? Mtoto hang'ati kijiti cha lesi! Hujui mwiko?"

"Mwiko gani tena, bibi?"

"Kilichong'atwa na mtoto hakifumi lesi ya harusi. Nani atakinunua sasa? Ona, ona alivyokiharibu!"

Alikuwa amekinyakua, anakipangusa kwa aproni. Karibu na mkia kulikuwa na vishimo viwili viwili, vingi.

"Siyo yeye," nikasema. "Hiyo ndiyo nakshi yake. Mzee Lemuel anaiita Rasharasha. Vyote sandukuni vina hiyo."

"Nakshi?" Bibi alikisogeza karibu na pua, maana macho yake si ya zamani. Kati ya vile vishimo vyeusi kulikuwa na viwili vipya, vyeupe kidogo, bado vimelowa. Vilikuwa na upana uleule, na nafasi ileile katikati yake. Mimi niliona, naye akaona. Akatia mkono sandukuni akatoa kingine, halafu kingine, akipitisha dole gumba kwenye mikia yao. Unga ulikuwa ukimwagika kila mahali. Janet alianza kulia upya, wala hakuna aliyemjali.

"Havina shanga," bibi akasema polepole.

"Havina. Vyote."

Akakaa chini. Sijawahi kumwona bibi yangu akikaa huku keki hazijaingia jikoni.

"Selina," akasema. "Alikuwa hana wa kumshikia mtoto. Shangazi mtu alikuwa hataki hata kusikia mtoto akilia. Basi alikuwa akimtia kwenye sanduku la sabuni, karibu na goti lake, na meno yalipoanza akawa anampa vijiti. Vya mti tu, vya bati alikataa, alisema bati ni sumu. Na shanga alizing'oa, asije akazimeza. Wanawake walikuwa wakipita wanamcheka: Selina, vijiti vyako viko uchi! Selina, nani ataolewa na lesi yako? Naye anasema, mwacheni ang'ate, wenzake wana ndugu wa kuwang'ata." Akanitazama, machozi yamemjaa. "Na yule mpumbavu hakuniuliza! Aliuliza nakshi. Chui, sijui kipepeo. Hakuniuliza meno."

"Angejuaje kuuliza meno, bibi?"

"Na mimi ningejuaje ana vijiti vilivyong'atwa? Amewahi kunikaribisha anionyeshe?"

"Mlikuwa hamsemezani."

"Kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili ya mlevi, bibi."

Alivua aproni, akajifunga kitambaa kichwani, akanyanyua sanduku mwenyewe. Mimi nikambeba Janet. Njiani bibi yangu, ambaye siku nyingine hutembea kama anayebeba mayai, nilikuwa namkimbilia.

Lemuel alifungua mlango akakuta bibi amesimama pale na unga hadi viwikoni. Alirudi nyuma hatua moja.

"Fungua mdomo, Lemuel," bibi akasema.

"Bi Dorcas?"

"Nimesema fungua mdomo."

"Meno yangu ni ya kununua, Bi Dorcas. Tangu vita."

"Si kitu. Yale ya kwanza kazi yake yalishaifanya." Akaingia bila kukaribishwa, akaweka sanduku mezani, akakitoa kile kijiti chenye alama mpya, akamshikisha. "Hizi mbili ni za huyu mtukutu, dakika hii. Hizi zote nyingine ni zako. Hiyo si nakshi, mtoto wa watu. Ni wewe, ulikuwa unaota meno."

Kisha akamweleza, yote, kama alivyonieleza mimi. Lemuel hakukaa. Alisimama dirishani na kijiti mkononi, akakigeuza polepole, kama alivyokuwa akivigeuza vyote, na uso wake haukuwa na huzuni wala furaha, ulikuwa na mshangao mtupu. Niliogopa ataanguka. Lakini nilipaswa kumjua, nimekaa naye miaka yote hiyo: alianza kuuliza.

"Hilo sanduku la sabuni. Lilikuwa upande gani?"

"Kushoto kwake."

"Kwa hiyo alinipa kwa mkono wa kushoto."

"Wa kushoto. Wa kulia ulikuwa kazini."

"Alikuwa anaimba?"

"Alikuwa anahesabu pini kwa wimbo, kama sisi wote. Sauti yake ilikuwa mbaya, nisikudanganye. Ulikuwa ukimsaidia kwa kelele."

"Na nikikiangusha?"

"Ulikuwa unaviangusha makusudi. Anakiokota, anakifuta hapa," bibi akajigusa paja, "anakurudishia. Unaangusha tena. Mimi nilikuwa nakuona mtoto mbaya sana."

Lemuel alicheka. Kisha akaketi, akavimimina vijiti vyote mezani, akavishika kimoja kimoja, na bibi akaketi mbele yake, akijibu. Je, alikuwa mrefu? Mikono yake ilikuwa na baridi? Alikuwa akisema nini akichoka? Miaka yote mtu huyu alikuwa ameuliza habari za mbao na bati, kumbe alikuwa na maswali ya namna hii yamejaa kifuani, na bibi alikuwa nayo majibu, yamelala tu, hakuna aliyeyaamsha. Nje treni ya jioni ilipiga honi mbali, na sote watatu hatukujali geti, lilikuwa na mlinzi mwingine sasa.

"Makumbusho watavitaka sasa," nikasema. "Vimepata ukoo."

"Makumbusho wachukue chui," akasema Lemuel. "Na nyoka wachukue."

Bibi akainua nyusi.

"Na mlevi," akasema Lemuel. "Wachukue na mlevi."

"Afadhali," bibi akasema.

Janet alikuwa amevumilia kupita kiasi. Akaanza kujinyonganyonga mapajani mwangu, akanyoosha mikono yake miwili mezani akilia kwa sauti ya kuvunja vioo. Nilikuwa nasimama nimtoe nje, ndipo Lemuel alipochukua kile kijiti chenye alama mpya. Alikifuta kwenye paja la suruali yake, akampa. Nakumbuka nilifikiri: hakumwambia hata anawe.

"Mzee, ataviharibu," nikasema. "Atang'ata juu ya zako, hutajua tena zipi ni za nani."

"Mwache ang'ate," akasema.

Janet akang'ata. Akakiangusha chini makusudi, akamtazama. Mzee Lemuel akainama, magoti yakilia, akakiokota, akakifuta, akamrudishia kwa mkono wa kushoto.